Pua ya Magasinier

Niseme mapema, nisije nikajificha nyuma ya hadithi: mimi ndiye niliyemharibia jina mzee huyu. Miaka sita watu wa parokia yetu hapa Koekelberg wamesema ni mzembe, kwamba alimvutia dubu hemani na mwenzetu akavunjika mkono. Na miaka yote hiyo sita mimi nimekaa benchi la tatu kutoka mbele, naimba, napokea komunyo, najikausha. Ukiona namsifu hapa chini, ujue kuna sababu.

Alizaliwa wapi, mtoto wa nani, sijui na sikuwahi kumuuliza. Tulimwita Magasinier, yaani mtunza ghala, kwa sababu kule Bukavu alitunza ghala la chakula cha msaada, na alipofika Brussels akapata kazi kwenye ghala la mboga hadi alipostaafu. Mimi ni mtu wa Kigoma, Mtanzania peke yangu katika kwaya ya Wakongomani. Yeye aliniita Maman Tanzanie, na Kiswahili changu kilimchekesha sana. Alisema naongea kama redio.

Cha kwanza kumjua nacho kilikuwa pua yake. Jumapili kwenye soko la Gare du Midi alikuwa haangalii nyanya wala ndizi, anainamia boksi, ananusa kona zake, kisha anamwambia muuzaji kwa Kifaransa cha upole kabisa kwamba humo amepita panya. Wauzaji wengine walimchukia. Harusini aliingia jikoni kabla hajamsalimia bibi harusi. Kama magunia ya mchele yameegemea ukuta, alivua koti akayasogeza mwenyewe, yaachane na ukuta kwa mkono mmoja, kuanzia kiwiko mpaka vidole, ili fagio lipite. Akimaliza ndiyo anakuja ukumbini na jasho lake kutoa hongera.

Na huyo huyo, nyumbani kwake Schaerbeek, alikuwa na panya. Nilimwona kwa macho yangu siku niliyompelekea supu, panya mdogo, amekaa chini ya radieta ya kupashia chumba joto bila wasiwasi. Nikaruka. Yeye akaniambia nikae, huyo anamfahamu, kila kitu cha kuliwa kiko ndani ya makopo na mnyama hajawahi kupata hata punje.

"Munyama haina makosa," akasema. "Makosa iko ya magasinier."

Maneno hayo aliyarudia mpaka tukawa tunamwigiza. Mtu akiunguza wali tunasema moto hauna makosa, makosa ni ya magasinier. Alicheka pamoja nasi, lakini hakuwa anatania. Kwake hakukuwa na wizi wa panya wala wa nyani wala wa siafu. Kulikuwa na mtu mmoja aliyekabidhiwa chakula, na kama chakula kimeliwa, basi ni yeye.

Jinsi tulivyofika kwenye mambo ya dubu nayo ni kichekesho. Daktari aliwaambia nusu ya kwaya kwamba sukari na presha haziondoki kwa kuimba, watembee. Tukaanza kuizunguka Basilika, kanisa kubwa la hapa Koekelberg, kila Jumamosi, tumevaa vitenge na viatu vya michezo. Kisha tukaenda msitu wa Soignes, kisha Ardennes siku mbili, na kabla hatujajua tunafanya nini tukawa watu wa kubeba mahema mgongoni, kila Agosti wiki nzima. Maman Chorale, kiongozi wetu wa kwaya, ndiye aliyetusukuma mbele, na Magasinier ndiye aliyekabidhiwa chakula. Hakuna aliyempigia kura, alianza tu kukusanya mikate yetu na kuifunga.

Ardennes kulikuwa na kibanda cha wapita njia, na ndani yake panya wa milimani wenye mikia ya manyoya, wanaoteremka kwenye kamba utadhani wamelipwa. Vijana wa huku walikuwa wametundika mabegi yao darini na asubuhi wakakuta mashimo. Magasinier alitoboa kopo tupu la maziwa ya unga, akalipitisha katikati ya kamba yetu, mdomo chini. Panya akifika juu ya kopo anateleza, chini hawezi kuruka kufikia. Tuliamka chakula kizima. Akasema ghalani walifanya hivyo kwa nyama kavu, na hakuongeza neno. Habari za ghala lile alizitoa kidogo kidogo hivyo, ukimuuliza zaidi anakwenda kukaza kamba ambayo imekaza tayari.

Kwenye milima ya kusini ya Ufaransa, ambako dubu wapo kweli, alikuwa mtu mwingine. Alinunua mapipa mawili ya plastiki ngumu yenye kifuniko cha kuzungusha, na kila kitu chenye harufu kilitakiwa kulala humo. Si chakula tu. Dawa ya meno, sabuni, mafuta ya nywele, pipi za kikohozi, rangi ya mdomo ya Maman Chorale, ambayo yeye na mwenye nayo waligombania kama watoto. Tulipika mbali na mahema, nguo za kupikia hazikuingia hemani, na mapipa yalikaa hatua mia moja kutoka tulipolala, upande ambao upepo unatoka kwetu kwenda kwao na si kinyume chake. Kuzunguka mapipa alimwaga majivu. Alfajiri alikwenda peke yake kuyasoma, amechuchumaa, miwani puani, na akirudi anatuambia nani kapita: mbweha, mbwa wa mchungaji, hakuna mtu. Sisi tulingoja kahawa kwa hofu kila asubuhi, kwa sababu siku moja angerudi na jibu jingine.

Alikula wa mwisho, amesimama. Hakuwahi kumaliza sahani. Kilichobaki alikifunga kwenye karatasi na kukitia mfukoni, kisha akakumbuka sheria yake mwenyewe, akarudi nacho kwenye pipa huku ananung'unika. Ilikuwa hivyo kila jioni, jamani, kila jioni alijikamata mwenyewe mwizi.

Sasa ukaguzi. Siku ya kuondoka tulikutana Gare du Midi, chini ya saa kubwa, na kabla ya kupanda treni kila mtu alimfungulia begi. Watu walipita wanatushangaa, wengine wakadhani ni polisi. Anaingiza pua, anavuta mara mbili, anafunga zipu na kusema, "Safi. Pita." Hakusema pungufu wala zaidi. Ukikutwa na karanga ulizisalimisha papo hapo. Jambo moja tu nililiona la ajabu: kama ndani ya begi kuna kitenge kimefungwa fundo, hakukigusa. Alimwambia mwenye nacho akifungue mwenyewe na yeye akageuka pembeni. Nilidhani ni adabu.

Mwaka ninaousema, Jumapili mbili kabla ya safari, alisimama baada ya misa akatangaza kwamba samaki wakavu ni marufuku kabisa. Hata ndani ya pipa hawaruhusiwi. Alisema harufu ya ndagala, ndio dagaa wetu, inakwenda mbali kuliko sauti ya mtu, inashika kwenye kifuniko, kwenye vidole, na dubu anaifuata kilomita nzima. Watu wakaguna, maana Mkongomani kumnyima ndagala wiki moja si jambo dogo. Mimi niliguna kuliko wote.

Mama yangu alikuwa amefariki mwishoni mwa Juni. Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa ofisini zinabadilishwa, hazikutoka mpaka Julai, kwa hiyo sikuweza kusafiri, nikamzika kwa simu, dada yangu ameishika juu na mimi nimekaa sakafuni kwangu naangalia udongo. Magasinier alikuja siku zote tatu za msiba akakaa kwenye kiti cha mlangoni. Wiki mbili baadaye msafiri mmoja aliniletea kifurushi: dagaa aliowaanika mama mwenyewe, wamefungwa katika kitenge chake cha kijani. Aliwaandaa kabla hajaugua. Arobaini yake iliangukia siku ya nne ya safari yetu. Kigoma wangepika na kula pamoja, na mimi nikajiapiza kwamba nitakula dagaa wa mama siku hiyo hiyo, hata kama ni juu ya mlima na peke yangu.

Ningemwomba, huenda angenikubalia. Sikuomba. Nina kichwa kigumu na nilikuwa na hasira na dunia nzima, na yeye na sheria zake niliwaweka humo humo. Nikaviringisha dagaa kwenye mifuko mitatu ya plastiki, juu nikafunga kitenge cha mama, nikasukumia chini kabisa ya begi.

Pale kituoni zamu yangu ikafika. Alifungua zipu. Aliingiza mkono, akakigusa kitenge, na mkono ukasimama. Akainama, akavuta pumzi mara moja tu. Nikangoja aniambie nifungue. Aliinua uso, akaniangalia, akafunga zipu taratibu mpaka mwisho.

"Pita," akasema.

Nikapita. Ndani ya treni nilifurahi kama mjinga, nikasema moyoni pua ya mzee imechoka.

Siku ya nne ilinyesha mchana, tukajibanza mahemani, kisha ukabaki ukungu. Kwenye saa kumi na moja jioni tuliteremka kijitoni kusuuza masufuria. Maman Chorale alibaki hemani, hema letu sisi wawili, goti lilikuwa limemvimba. Nilikuwa nimepanga kuwatoa dagaa baada ya chakula, nijitenge kidogo nyuma ya mawe. Magasinier alikuwa upande wa pili, kwenye mapipa.

Tukasikia filimbi yake. Mara tatu, ambayo alitufundisha maana yake na tulikuwa hatujawahi kuisikia. Nikainua kichwa. Hema letu lilikuwa linatikisika, na ubavuni mwake kulikuwa na mgongo wa rangi ya kahawa, unainuka na kushuka, bila haraka. Nilijua palepale amefuata nini. Nikakaa majini.

Magasinier hakukimbia. Alitoka kwenye ukungu ameshika vifuniko viwili vya sufuria, anavigonga polepole, anatembea kuelekea kwa yule mnyama huku anaongea naye kwa sauti ya chini, bon, papa, toka, bon, kama anamsihi mlevi atoke kanisani. Mzee wa miaka sabini. Kitambaa cha hema kikachanika, tukakisikia mpaka chini kijitoni. Maman Chorale hakupiga kelele hata kidogo, alilala kifudifudi kama alivyofundishwa. Kisha dubu akarudi nyuma, begi langu mdomoni, akateremka nalo upande wa misonobari.

Dubu alikuwa amemkanyaga Maman Chorale mkono wakati anavuta begi. Kifundo cha mkono kilikuwa kimegeuka upande, na yeye anakiangalia kana kwamba ni cha mtu mwingine. Wakati wengine wanapiga simu ya msaada, Magasinier aliingia misonobarini peke yake. Na mimi nikaanza kuomba, acha tu, nikamwomba Mungu dubu awe amemaliza wote, asibaki hata kichwa cha dagaa. Mwenzangu analia kwa maumivu na mimi naomba hilo.

Alirudi na begi langu linatiririka maji. Alikuwa ameliosha kijitoni, limegeuzwa ndani nje. Kitenge cha mama alikuwa amekikamua na kukikunja juu yake. Wanaume wakamzunguka wakimuuliza dubu amefuata nini hemani, si ulikagua, si ulisema. Yeye akasema mchana, wakati wa mvua, alikuwa ameweka mkate ndani ya hema la kina mama usilowe, akausahau.

"Makosa iko yangu," akasema. "Magasinier ni miye."

Wakati wa mvua mimi nilikuwa ndani ya hema lile tangu tone la kwanza. Hakuna mkate ulioingia. Nilifungua mdomo. Akaniangalia mara moja, akaenda kufungua kamba zake, na mdomo wangu ukajifunga. Nilinyamaza helikopta ilipokuja, nikanyamaza kwenye treni, nikanyamaza Gare du Midi tulipoagana bila kuagana. Nilijiambia pengine kweli uliwekwa mkate nami sikuona. Mtu akitaka kujidanganya hakosi msaada.

Kikao kilifanyika ukumbini baada ya misa. Kabla hajaulizwa, Magasinier aliweka mezani filimbi, kamba, na kopo la maziwa lenye tundu. Maman Chorale, mkono kwenye plasta, alimwambia mbele ya wote kwamba alimwamini kuliko kaka yake wa tumbo moja, na kwamba asimsalimie tena. Mfupa haukuunga sawa. Mpaka leo anaongoza kwaya kwa mkono wa kushoto, na kila anapouinua mimi naangalia kitabu cha nyimbo. Mzee alihamia misa ya jioni, kisha parokia nyingine. Harusini hakuingia tena jikoni. Mtu ambaye maisha yake yote alijulikana kwa jambo moja, nilimwachia lile lile liwe aibu yake.

Mwaka huu nikasikia amepata kiharusi, yuko nyumba ya wazee, hapa hapa Koekelberg. Padri akaamua kwaya ikamwimbie Jumapili baada ya misa, na akamwambia Maman Chorale waziwazi kwamba miaka sita imetosha. Akakubali kwa shingo upande. Mimi nilitoka kabla ya baraka, nikatembea haraka, nikahesabu nina kama nusu saa kabla hawajafika.

Alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, kuba la Basilika liko nyuma yake. Upande mmoja wa mwili umelala. Mezani kulikuwa na kipande cha mkate, juu yake amekifunika kwa bakuli lililogeuzwa. Akasema, Maman Tanzanie, redio yangu. Nikapiga magoti nikamwambia yote kwa mkupuo, dagaa, mifuko mitatu, arobaini, mvua. Nilikuwa nalia mpaka maneno yanagongana. Alisubiri nimalize.

"Nilijua tangu ku Midi," akasema. "Nilisikia harufu."

Nikamuuliza kwa nini basi hakuwatoa. Alichukua muda, ulimi wake ulikuwa mzito, lakini kila neno lilitoka.

"Ku depot ya Bukavu, bamama benye kufagia balikuwa banaokota maharagi yenye kumwangika chini. Miye nilikuwa ku mulango. Nilifungua vitenge yabo, kila siku, nikatosha ile maharagi, nikairudisha ku gunia. Ilikuwa kazi yangu. Donc, siku ile, kitenge ya mama yako... mukono yangu ilikatala."

Akaongeza kwamba alijua sheria, na tangu alipokiacha kile kifurushi kipite kilikuwa chake yeye. Kwa hiyo hapo mlimani hakuwa ameongopa sana. Mkate tu ndio ulikuwa uongo. Nikamwambia hapana, papa, hakikuwa chako, na siwezi kukuachia tena. Akatikisa kichwa kwamba yamepita, ninyamaze, watu wanakuja. Kweli nilisikia viatu kwenye korido, na sauti ya Maman Chorale ikiwapanga watu kwa soprano na besi.

Waliingia wakaujaza mlango. Maman Chorale hakumtazama mzee, alitazama dirisha, akainua mkono wa kushoto ili waanze. Nikasimama mbele yake.

"Dagaa walikuwa wangu," nikasema. "Begini mwangu. Papa hakuweka mkate wowote."

Hakuna aliyeelewa mara moja, ikabidi niseme tena, na safari hii nikataja kitenge, mama, kijito na kila kitu. Mkono wake ulibaki juu muda mrefu. Kisha akaushusha, akanipita kana kwamba mimi ni kiti, akaenda kwa mzee. Alijaribu kupiga magoti, goti likakataa, akainama tu na kuchukua mkono wa mzee ulio mzima akauweka kwenye kifundo chake mwenyewe kilichopinda.

"Papa," akasema, "miaka sita sikukusalimia. Jambo, papa."

"Jambo, maman," mzee akamjibu.

Mimi hajaniambia neno tangu siku ile, na sina la kumlaumu. Waliimba. Sikuweza kuimba nao, nilisimama ukutani. Walipomaliza wakaanza kutoka mmoja mmoja, kila mtu akimpa mkono, na mimi nikawa wa mwisho. Sikujua nimuage vipi. Yeye akanyoosha mkono, akaonyesha mkoba wangu kwa kidole. Nikampa. Aliufungua kwa shida, kwa mkono mmoja, nami sikumsaidia. Akaingiza pua, akavuta mara mbili.

"Safi," akasema. "Pita."